Ujira wa Yule Aliyeacha Kazi

Asubuhi moja, kisha Misa, kijana mmoja wa Mugunga alitungoja karibu na mlango wa sakristia, na kaye mkononi. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akitembeza mali ya depo moja ya Goma: sabuni, mafuta, sukari, duka kwa duka, toka Mugunga mpaka Sake. Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini patro alimwahidi komisyo juu yake, yaani tatu kwa mia ya feza zote atakazoleta. Halafu aliacha kazi kwa amani. Alirudisha funguo na mali yote iliyobaki. Lakini komisyo ya miezi mitano ilikuwa haijalipwa. Alipoidai, patro alimjibu ya kuwa komisyo ni ya wale walio kazini. Yeye ameshatoka, basi hana kitu tena. Kijana akatuuliza: « Padri, zile feza ni zangu ao ni zake? »

Tulimjibu kama mapadri wengi wanavyojibu: avumilie, asigombane, Mungu anaona. Akavumilia. Aliporudi mara ya pili, mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita, na ndipo tulipojifunza ya kuwa sheria ya inchi yetu inampa mtu mwaka 1 tu wa kudai ujira wake mbele ya waamuzi. Shauri letu jema lilimfungia mlango. Kwa hiyo tunawaandikia, ndugu mapadri, mafratri na makatekista, ili ulizo lile lisiwakute bila jibu kama lilivyotukuta sisi. Tutafuata njia ya historia, kwani desturi ya kumnyima mtu ujira wake siku ya kuondoka haikuzaliwa Goma, wala haikuzaliwa jana.

I. Yakobo katika nyumba ya Labani

Mtu wa kwanza katika Maandiko Matakatifu aliyefanya kazi kwa komisyo ni Yakobo, mwana wa Isaka. Kitabu cha Mwanzo kinatueleza ya kuwa alimtumikia Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake wawili, na 6 kwa ajili ya mifugo. Kwa ile miaka 6 hakupatana naye mshahara wa mwezi. Walipatana sehemu ya mazao: wanyama wenye madoa na weusi katika kondoo watakuwa wa Yakobo, wengine watakuwa wa Labani. Kundi likiongezeka, ujira nao unaongezeka. Ndiyo kontra ileile ya kijana wetu wa Mugunga.

Tutazame mambo matatu. La kwanza: Labani alibadilisha ujira mara kumi. La pili: mnyama aliyeraruliwa ao kuibiwa, mchana ao usiku, alihesabiwa juu ya Yakobo, ijapokuwa yeye si mwizi. La tatu: siku Yakobo alipoondoka, Labani alimfuata akisema ya kuwa vyote alivyo navyo, watoto na mifugo, ni mali yake. Mbele ya macho ya Labani, mtumishi akitoka nyumbani, kazi yake yote ya zamani inabaki nyumbani pamoja na bwana.

Lakini Mungu hakuhukumu hivyo. Yakobo alikuwa na alama isiyofichika: madoa juu ya ngozi ya kondoo. Kila mtu mwenye macho aliweza kutambua kilicho chake. Na mwisho wao wawili walisimamisha chungu ya mawe kuwa shahidi kati yao. Alama na shahidi: tuyashike maneno haya mawili, tutayahitaji mbele.

Kisha Yakobo, Sheria ya Musa iliagiza ya kuwa ujira wa kibarua usilale kwa bwana mpaka asubuhi, kwani ni maskini na roho yake inaungojea. Na Mtume Yakobo, katika barua yake, sura ya 5, anaonyesha ujira ulionyimwa wavunaji ukipiga kelele wenyewe mpaka masikio ya Bwana. Wavunaji wale walikuwa wamekwisha maliza shamba. Kazi yao imekwisha, na sauti ya ujira ingali inalia.

II. Wapagazi

Tutoke sasa katika Biblia, tuje katika inchi zetu. Zamani za misafara, mpagazi wa pwani alipokea sehemu ya ujira wake mbele ya kuondoka, na sehemu kubwa alipewa alipofika mwisho wa safari. Aliyetoroka njiani alipoteza yote. Lakini aliyekufa njiani? Mzungu Stanley aliondoka pwani mbele ya Zanzibar mwaka 1874, akapita inchi za maziwa, akashuka mto Kongo mpaka Boma mwaka 1877. Wapagazi wengi walikufa. Aliporudi Zanzibar pamoja na wale waliopona, alilipa watu wake, na jamaa za marehemu walikuja kupokea ujira wa ndugu zao. Stanley hakuwa mtu mpole. Habari za ukali wake ni nyingi. Hata hivyo desturi ya pwani ilimlazimisha kukubali neno hili: ujira haufi pamoja na mpagazi.

Miaka 40 kisha, desturi ile ilivunjwa. Katika vita vya 1914-1918, majeshi ya Waingereza yaliandika wapagazi kwa maelfu na maelfu katika Afrika ya Mashariki. Mitaa ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi ingali na jina lao. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, na ujira wao haukudaiwa na mtu, kwa sababu jamaa zao vijijini hawakujua wadai wapi. Wakubwa wa Kenya waliomba feza zile zitumiwe kwa faida ya wenyeji. Serikali ya Uingereza ilikataa, feza zikabaki kwake. Na upande wetu, majeshi ya Wabeleji yaliyopita Kivu na Ruanda na kuingia Tabora katika Septemba 1916, nayo yalibebewa mizigo na watu wetu. Kwa habari ya wapagazi wa Waingereza tunafahamu neno moja: ujira ukikosa mtu wa kuudai na karatasi ya kuuonyesha, huwa mali ya mwenye sanduku.

III. Zawadi za Bula Matari

Mwaka 1891 ulikuwa mwaka wa mambo mawili. Tarehe 15 Mei, Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum. Humo alifundisha ya kuwa kumnyima mtu ujira wake ni kosa kubwa linaloita hasira ya mbingu, na alitaja maneno ya Mtume Yakobo. Tarehe 21 Septemba ya mwaka uleule, mfalme Leopold II alitia sahihi amri ya siri, kuwaagiza wakubwa wa wilaya za Aruwimi-Uele na Ubangi wailindie Leta mazao ya pori, zaidi pembe na mpira.

Ili kazi ile iende mbio, maajenti Wazungu wa Leta walipewa juu ya mshahara zawadi iliyofuata hesabu ya mazao waliyoyaleta. Nayo ilikuwa komisyo. Lakini ilipangwa kwa ubaya: kwa pembe, kadiri ajenti alivyomlipa mwenyeji bei ndogo, ndivyo zawadi yake ilivyozidi. Komisyo ya mmoja ilitoka katika ujira ulionyimwa mwingine. Wakristu na wasio Wakristu walipopiga kelele Ulaya, Leta iligeuza jina: zawadi zikawa feza za mapumziko, ambazo ajenti alizipewa alipomaliza muda wake, kama wakubwa walipendezwa naye.

Tufahamu vizuri maana ya mageuzi haya. Feza iliyokwisha patikana kwa kazi, lakini inashikwa mpaka siku ya kutoka, inakuwa kamba mkononi mwa bwana. Mtumishi ataogopa kusema kweli, ataogopa kuacha kazi mbaya, kwani ujira wake wa jana ungali kwa bwana. Tume ya Uchunguzi ilizunguka Kongo mwaka 1904 na 1905, na mwaka 1908 Ubeleji ikaichukua inchi mikononi mwa mfalme. Lakini kamba ile haikukatwa. Ilipita kwa watu wengine.

IV. Kapita wa duka

Wazee wetu wanamkumbuka kapita. Katika Kongo ya Wabeleji, wafanyabiashara Wagiriki, Wareno na Wabeleji walifungua maduka madogo vijijini, na ndani yake waliweka mwenyeji mmoja anayejua kusoma na kuhesabu. Aliuza nguo, chumvi na samaki. Tena alinunua mazao ya watu. Mara nyingi mtu huyu alikuwa mwanafunzi wa misioni, pengine hata katekista wa zamani. Alipata mshahara mdogo, na wengi walipewa juu yake sehemu ya mauzo.

Siku ya kuhesabu mali ilikuwa siku ya hofu. Chumvi iliyoyeyuka kwa mvua, kitambaa kilicholiwa na panya, deni la chifu asiyelipa: upungufu wote ulirudi juu ya kapita, kama wanyama walioraruliwa walivyorudi juu ya Yakobo. Upungufu ulikatwa katika ujira, na aliyeshindwa kuulipa aliweza kupelekwa mbele ya hakimu kama mtu aliyekula amana. Hatusemi ya kuwa makapita wote walikuwa watakatifu, walikuwako walioiba. Lakini mwenye kushika kitabu cha hesabu alikuwa bwana peke yake, na mwenye kushika kitabu ndiye anayesema mwisho.

Tena sheria yenyewe haikuwa sawa kwa wote. Amri ya tarehe 16 Machi 1922, iliyoangalia kontra ya kazi ya wenyeji, ilikubali mfanyakazi atiwe gerezani kwa kosa la kuvunja kontra yake. Wazungu walikuwa na sheria yao nyingine. Basi tufikiri: kapita aliyeacha duka mbele ya muda wake, angewezaje kurudi kudai sehemu ya mauzo ya miezi iliyopita? Mlango wa kudai na mlango wa gereza vilikuwa mlango mmoja. Hivyo watu walizoea kusema ya kuwa aliyeacha kazi ameacha yote. Tulizoea kuyasikia maneno haya kama mapatano ya biashara. Kumbe ni kovu la sheria ya zamani.

V. Sheria ya inchi yetu

Kisha uhuru, sheria ya tarehe 9 Agosti 1967 iliweka Kode moja ya Kazi. Baadaye ilifuatwa na Kode ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo ilitengenezwa katika sehemu zake nyingine mwaka 2016. Ndani ya Kode hii tunapata jibu la kijana wetu.

Kode inapoeleza maana ya malipo ya mfanyakazi, inahesabu ndani yake mshahara, na mara moja kisha mshahara inataja komisyo. Basi komisyo si zawadi ya moyo mwema wa patro. Ni sehemu ya malipo ya kazi, kama mshahara wenyewe. Iliyokwisha patikana kadiri ya mapatano ni deni, na kontra ikimalizika, deni linapaswa kulipwa bila kukawia. Mtu kutoka kazini kunasimamisha komisyo za kesho. Hakufuti za jana.

Lakini ni lazima kutofautisha. Kama mapatano yalisema « tatu kwa mia ya feza utakazoleta », basi feza alizozileta kijana mbele ya kutoka zimeshazaa komisyo yake. Deni ambalo wateja watalilipa baadaye kwa mkono wa mtu mwingine ni jambo la kuangalia: mapatano yalisema nini, na ni nani aliyefanya kazi ya kuuza? Ndiyo sababu maneno ya mapatano yanapaswa kuwa wazi tangu siku ya kwanza.

Kode inaonyesha vilevile njia ya kudai. Mtu hawezi kukimbilia Tribinali ya Kazi moja kwa moja. Kwanza ni lazima shauri lifikishwe mbele ya Mkaguzi wa Kazi, naye anajaribu kuwapatanisha. Wakishindwa, anaandika karatasi, na hapo Tribinali inaweza kulipokea. Na juu ya muda: mashauri mengi ya kontra yana miaka 3, lakini kudai mshahara kuna mwaka 1, kuhesabu tangu siku ulipopaswa kulipwa. Hapo ndipo kijana wetu alipoanguka, na sisi pamoja naye.

Tuseme pia ya kuwa sheria nzuri yaweza kukawia njiani. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliingia mjini Goma na kufunika maduka mengi, pamoja na vitabu vya hesabu vilivyokuwa ndani. Miezi tisa kisha, Kode ilitiwa sahihi Kinshasa. Lakini Goma ilikuwa chini ya utawala wa RCD, na serikali ya kuunganisha inchi ilianza mwaka 1993 na kumi, yaani 2003. Mwisho wa Januari 2025, mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Banki zilifunga milango, makambi ya wakimbizi ya Mugunga yalivunjwa, wenye kazi na wafanyakazi walitawanyika. Mugunga inayajua mambo haya: mwaka 1994 ilipokea wakimbizi wa Ruanda kwa malaki, Novemba 1996 wakaondoka kwa siku chache, na kisha wao walikuja wakimbizi wa inchi yetu wenyewe, toka Masisi na Rutshuru. Mahali watu wanapohama kwa ghafula, deni husahauliwa upesi. Kwa hiyo hapa kwetu karatasi yenye sahihi ina kazi kubwa kuliko mahali penye amani.

VI. Zamiri ya patro, zamiri ya mfanyakazi

Mafratri watatuuliza: mwaka ukipita, deni limekwisha? Mbele ya Tribinali, pengine ndiyo. Mbele ya Mungu, hapana. Sheria ya Ekleziya, kanuni ya 198, inafundisha ya kuwa hakuna kupita kwa muda kunakofaa kitu pasipo nia njema. Patro anayejua ya kuwa ana deni, na anangoja mwaka upite, hana nia njema. Muda unaweza kumfungia mdai mlango wa hakimu, lakini haumpi mdaiwa haki ya kushika mali ya mwenziwe. Katika kitubio padri asimpe maneno matupu: arudishe. Mafundisho yetu yanahesabu kunyima ujira wa mfanyakazi kati ya zambi zinazolilia mbinguni, pamoja na damu ya Abeli. Tunawafundisha watoto zambi hizi. Tusisahau kuwafundisha wenye maduka.

Lakini kuna swali la upande wa pili. Mfanyakazi aliyenyimwa aweza kujilipa kwa siri, kwa kubakiza feza ya mauzo ao kubeba mali ya depo? Vitabu vya moral vinaita jambo hili occulta compensatio. Kulikuwa walimu waliolifungua sana, wakisema watumishi waweza kuchukua kwa siri kama wanaona kazi yao imezidi mshahara wao. Papa Inosenti XI alilikataza fundisho lile tarehe 2 Machi 1679. Sababu yake tunaiona kila siku: anayejilipa kwa siri anakuwa mwamuzi wa shauri lake mwenyewe, na siku akishikwa, haki yake yote inageuka kuwa wizi mbele ya watu. Yakobo naye alitumia werevu wa fito mbele ya kondoo, na mwisho wake ulikuwa kukimbia kwa siri. Kijana wetu alirudisha funguo na mali yote. Alifanya vema, na kwa hiyo aliweza kusimama mbele ya patro bila haya.

VII. Tufanye nini?

Kwanza, tusitoe uvumilivu pahali pa haki. Uvumilivu ni fazila ya anayeteswa. Si dawa ambayo padri anampa mtu ili aende zake. Mtu akija na neno la ujira, tumwulize mara moja: ulitoka tarehe gani? Kama mwaka haujapita, asikawie; amwendee Mkaguzi wa Kazi, na kama njia ya ofisi imefungwa kwa vita, adai kwa barua yenye tarehe, mbele ya mashahidi, na ashike nakili yake.

Pili, katekista awafundishe vijana alama na shahidi. Kila anayeuza kwa komisyo awe na kaye yake mwenyewe: tarehe, mali, feza aliyoleta, sehemu yake, na patro atie sahihi kila mwisho wa mwezi. Hizo sahihi ndizo madoa juu ya kondoo. Siku ya kutoka wahesabu pamoja, waandike kilicholipwa na kilichobaki, watie sahihi wote wawili mbele ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo chungu ya mawe.

Tatu, tuanze nyumbani. Misioni nazo zina maduka ya vitabu, mashamba, mashine za kusaga, shule. Kuna mfanyakazi aliyetoka kwetu bila hesabu yake kumalizwa? Kuna katekista mzee aliyeambiwa ya kuwa alifanya kazi ya Mungu, kwa hiyo asidai? Tusihubiri habari za Labani ilhali kaye yetu wenyewe haijafungwa.

Kwa habari ya yule kijana: tulikwenda pamoja naye kwa patro, ambaye ni Mkristu. Tuliketi, tukasoma kaye mstari kwa mstari. Patro alisema kwanza ya kuwa mwaka umepita. Tulimwambia ya kuwa tumekuja si kama mahakimu, lakini kama padri wake, na tulimweleza kanuni ile. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alilipa komisyo ya miezi miwili, na miezi mitatu ingali. Tulimwomba aandike hesabu ya miezi ile mitatu katika kaye na kutia sahihi yake. Akatia. Kijana akafunga kaye, akatutazama, akasema: « Basi zilikuwa zangu. »